Kuomba Nafasi ya Mtafiti Mgeni Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Mwanazuoni wa Kifeministi Aliyeko Moshi au Arusha

Mhadhiri wa kike anayefundisha Moshi au Arusha mara chache hukosa jambo la kuandika. Kuna kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, kinachorithiwa na mtoto wa kiume, ilhali aliyekipalilia miaka yote ni mama. Kuna wanawake wa sokoni Mwika na Kiboriloni wanaokopeshana kwa utaratibu ambao hakuna benki iliyowafundisha. Na kwa wanasheria kuna kumbukumbu za mahakama za kimataifa zilizoko Arusha, ambazo wengine hupanda ndege kuja kuzisoma. Anachokosa ni miezi mitatu ya utulivu. Madarasa yamejaa, mitihani ya kusahihisha hailingani na usiku uliopo, majarida muhimu hayasomeki bila kulipia, na sura ya kitabu iliyoanzwa likizo moja hukutwa pale pale likizo inayofuata. Nafasi ya mtafiti mgeni katika taasisi ya nje ni njia mojawapo ya kuupata muda huo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiomba ukiwa huku kaskazini, na umeandikwa na mtu aliyeomba mara nne: mara mbili alikataliwa, mara moja alikubaliwa bila fedha, na mara moja alikwenda.

Hatua ya 1: Soma tangazo hadi ujue nani analipa

Nafasi ya mtafiti mgeni si masomo, kwa kuwa hakuna mtihani wala shahada mwishoni. Taasisi humpokea mwanazuoni kwa muda uliopangwa, pengine wiki chache, pengine mwaka mzima wa masomo, ikampa dawati, kadi ya maktaba na wenzake wa kujadiliana nao, naye akaahidi kutoa semina na kuisogeza mbele kazi aliyokuja nayo. Ndani ya jina hilo moja, hata hivyo, kuna vitu vitatu tofauti. Kuna nafasi zinazolipa nauli, posho ya kujikimu na bima. Kuna zinazotoa cheo, dawati na maktaba, lakini fedha zote zikawa zako. Na kuna zinazomtoza mgeni ada ya dawati, maana yake unajigharimia kila kitu na bado unalipa kwa kukaa kwao. Matangazo ya aina zote tatu hufanana sana katika aya ya kwanza.

Nilipopata barua yangu ya kwanza ya kukubaliwa niliizungusha idara nzima kabla ya kuisoma hadi mwisho. Ukurasa wa pili ulieleza kwa upole kwamba taasisi ingefurahi kunipokea mara nitakapokuwa nimepata ufadhili. Sikwenda, na pongezi nilikuwa nimeshazipokea zote. Kwa hiyo tafuta kwanza aya inayozungumzia fedha, na usipoiona, andika barua pepe ya mistari mitatu ukiuliza kama nauli, malazi, posho na bima vinalipwa, na kama nauli hulipwa kabla ya safari au hurudishwa baada ya kuwasilisha risiti. Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu taasisi nyingi hurudisha nauli baadaye, na tiketi ya kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hadi Ulaya au Marekani si fedha inayokaa tu kwenye akaunti ya mhadhiri. Ikiwa utalazimika kukopa SACCOS ya kazini au VICOBA, usikope kabla ya kuwa na barua iliyosainiwa inayotaja kiasi kitakachorudishwa na lini.

Barua ya kukubaliwa bila fedha nayo haipaswi kutupwa. Wafadhili wengi hutaka mwombaji aonyeshe kwamba kuna taasisi iliyo tayari kumpokea, na barua hiyo ndiyo uthibitisho wenyewe. Kosa ni kuihesabu kuwa safari.

Jambo jingine la kulisema mapema: anayekutaka utume ada ya uchakataji kwa simu ili jina lako liingizwe kwenye orodha ya waliochaguliwa ni tapeli, hata kama nembo iliyo juu ya barua yake unaitambua.

Hatua ya 2: Anzia Afrika, kisha toka nje

Wengi wetu huanza na majina makubwa ya Marekani. Mimi ningeanza na bara letu, kwa sababu msomaji wa andiko lako huko hahitaji kuelezwa kwa nini mjane anaogopa shemeji. CODESRIA, baraza la watafiti wa sayansi za jamii lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao yake Dakar, limekuwa likiendesha Taasisi ya Jinsia tangu 1994, ambapo watafiti kutoka nchi mbalimbali za Afrika hukutanishwa kujadili na kuandika juu ya mada moja. Chuo Kikuu cha Cape Town kina African Gender Institute, iliyoanzishwa mwaka 1996. Stellenbosch, huko huko Afrika Kusini, kuna STIAS, taasisi ya utafiti wa juu ambayo programu yake ya Iso Lomso huwalenga watafiti Waafrika walio mwanzoni mwa safari yao ya kitaaluma. Aliyemaliza uzamivu karibuni aiangalie hiyo kwanza.

Nje ya bara, African Studies Centre ya Leiden, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1947, hupokea watafiti wageni kwa ukaaji mfupi, na maktaba yake inahusu Afrika peke yake, jambo ambalo aliyewahi kutafuta kitabu cha Afrika katika maktaba ya kawaida ya Ulaya atalithamini. Chuo Kikuu cha Iceland, Reykjavík, kina GRÓ-GEST, programu ya mafunzo ya usawa wa kijinsia iliyo chini ya mwavuli wa UNESCO na inayowapokea washiriki kutoka nchi zinazoendelea. Hii imeegemea zaidi mafunzo kuliko uandishi, basi inamfaa mtendaji wa shirika au mhadhiri kijana kuliko profesa mwenye kitabu mkononi. Aliye katikati ya uzamivu katika chuo cha hapa atazame ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo yaliyogawanywa, unaomwezesha kukaa hadi miezi 12 katika chuo cha Uingereza huku akibaki mwanafunzi wa chuo chake. Marekani kuna Fulbright, programu ya ufadhili ya serikali yao, yenye mlango mahususi kwa watafiti wa Afrika na ambayo maombi yake hupitia ubalozi, na kuna Radcliffe Institute ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo hupokea watafiti kwa mwaka wa masomo na ndiyo yenye maktaba ya Schlesinger, hazina kubwa ya nyaraka za historia ya wanawake wa Marekani. Ushindani wa Radcliffe ni mkali mno, nami simshauri mtu aifanye kuwa ombi lake la kwanza wala la pekee.

Angalizo moja linaweza kuokoa wiki nzima. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, hutajwa kila mahali panapozungumzwa ufadhili wa wanawake, lakini linawahudumia wa sayansi asilia, hisabati, uhandisi na fani za jirani zake. Mwenzetu wa Tengeru anayetafiti madini ya floridi kwenye maji anaweza kuomba. Wewe wa sosholojia au fasihi ya Kiswahili, pita.

Hatua ya 3: Andiko lijibu swali la kwa nini lazima uwe kule

Hapa ndipo maombi mengi ya kwetu huanguka, na yangu mawili yaliangukia hapa hapa. Kamati ya uteuzi husoma maandiko mengi kwa siku chache, na wajumbe wake hawatoki fani moja. Kila mmoja anajiuliza mambo matatu: mtu huyu anajua nini ambacho sisi hatukijui, atamaliza nini katika muda huu, na kwa nini asikimalizie nyumbani kwake. Andiko langu la kwanza lilianza hivi:

"Utafiti huu unakusudia kuchunguza changamoto zinazowakabili wanawake wa Tanzania katika kumiliki ardhi na kupendekeza namna ya kuzitatua."

Hakuna uongo katika sentensi hiyo, wala hakuna mtu ndani yake. Ingeweza kuandikwa na yeyote, popote, bila kukanyaga shamba. Toleo lililokubaliwa, nikilifupisha, lilikuwa hivi:

"Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Hata hivyo, katika vijiji vitatu vya Vunjo nilivyofanyia mahojiano, mjane anayeishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, humwita shemeji yake asimame pembeni kabla ya kukata hata mti mmoja wa kuni. Wazee huniambia kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Wamisionari wa Leipzig, walioingia Kilimanjaro mwaka 1893, waliandika walichokiona, na maandishi yao yako Ujerumani. Naomba miezi mitatu ili nilinganishe maandishi hayo na mahojiano niliyo nayo, na kuandika sura moja inayouliza ni lini hasa zamani hiyo ilianza."

Tazama kilichobadilika. Nchi nzima imekuwa vijiji vitatu, changamoto zimekuwa mti mmoja wa kuni, na sababu ya kusafiri imekuwa kitu kinachoshikika: nyaraka ziko kule, mimi niko huku, na kitakachotoka ni sura moja wala si kuwakomboa wanawake wote. Neno la nyumbani, kihamba, limebaki kama lilivyo na kuelezwa papo hapo kwa maneno machache. Usilifute neno kama hilo ukaweka "shamba la familia", maana hoja yako yote imejificha ndani ya tofauti ya maneno hayo mawili.

Kwa anayeandika kuhusu enzi ya Waingereza, majalada ya Wizara ya Makoloni yanayohusu Tanganyika yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, jijini London, mengi yake katika fungu la CO 691. Kulitaja fungu kwa namba huonyesha kamati kwamba umeshafungua orodha na hutakwenda kubahatisha.

Mwanasheria wa Arusha ana kete nyingine, na wengi hawaichezi. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha tangu miaka ya tisini hadi ilipofungwa mwaka 2015, na tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ilitoa hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini alikuwa mwanamke pekee kati ya majaji watatu wa kesi hiyo, na mashtaka ya ubakaji hayakuwemo katika hati ya awali; yaliongezwa kesi ikiwa inaendelea, baada ya mashahidi kuyasema kizimbani. Kumbukumbu za mahakama hiyo ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, na Mei 2018, katika shauri dhidi ya Mali kuhusu sheria yake ya familia, ndipo kwa mara ya kwanza ilipotamka kwamba nchi imevunja Itifaki ya Maputo, yaani itifaki ya Afrika kuhusu haki za wanawake. Anayeishi umbali wa daladala kutoka kwenye vyanzo hivyo haombi kwa kupiga magoti. Anaweza kuandika kwamba nyaraka ameshazisoma, na kwamba anachokitafuta kule ni miezi ya kuandika na wenzake wa nadharia watakaomkosoa.

Hilo linanipeleka kwenye onyo. Wapo wenyeji wanaompokea mwanazuoni wa Afrika kwa bashasha kwa kuwa wanahitaji mkusanyaji wa takwimu na mtafsiri wa mahojiano, kisha jina lake likaonekana kwenye shukrani badala ya kwenye orodha ya waandishi. Ukialikwa ndani ya mradi wa mtu mwingine, uliza kwa maandishi, kabla ya kusafiri, nani atakuwa mwandishi wa makala zitakazotoka na kwa mpangilio upi.

Kuhusu neno ufeministi lenyewe, katika andiko litumie bila aibu, na useme umesimama katika mapokeo yapi: ya wanawake wa Afrika walioandika kuhusu ardhi na kazi, ya wanasheria, au ya wahakiki wa fasihi. Kwenye barua ya kuomba ruhusa kwa mwajiri mimi niliandika "masuala ya jinsia". Sikuona unafiki, kwa kuwa barua hizo mbili zilikuwa na wasomaji wawili.

Hatua ya 4: Mwenyeji na wadhamini

Mtafute mwenyeji mapema, miezi mitano au sita kabla ya tarehe ya mwisho, na umwandikie barua fupi. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani na unafundisha wapi. Ya pili iseme swali lako na kazi yake ipi imekusaidia kulifikiria, kwa kutaja jambo mahususi ambalo aliyesoma kichwa cha habari peke yake asingelijua. Ya tatu iombe kitu kimoja tu, kwamba je, angekuwa tayari kusoma andiko la kurasa mbili. Wasifu mrefu usiambatishe bado. Asipojibu kwa wiki tatu, mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa mwingine bila kinyongo. Wakati huo huo jisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 inayotolewa bure na inayokutofautisha na watu wengine wenye jina kama lako. Akina Mushi na Massawe wenye shahada ni wengi.

Wadhamini wa kitaaluma ni shida ya aina yake. Profesa wako anakufahamu, anakupenda, na ana wanafunzi wengine arobaini wanaotaka barua. Utamkuta ofisini, utasema, "Shikamoo Profesa, nimekuja kwa ile barua," naye ataitikia na kusema, bila kuinua macho kutoka kwenye rundo la tasnifu, "Marahaba mwanangu. Andika wewe, nitasaini." Ni ukarimu, lakini barua unayojiandikia hutoka na sauti ile ile ya andiko lako, na msomaji mzoefu huitambua. Kilichonisaidia ni kumpelekea ukurasa mmoja wa vidokezo: mwaka aliponifundisha, tasnifu aliyoisimamia, semina niliyoitoa akiwepo, na mambo mawili kuhusu kazi yangu ambayo ni yeye tu anayeweza kuyashuhudia. Alikaa akaandika mwenyewe kwa nusu saa. Mkumbushe pia kwamba siku hizi barua hupakiwa na mdhamini mwenyewe kupitia kiungo kinachotumwa kwenye barua pepe yake ya chuo, na kwamba kiungo hicho hupenda kuangukia kwenye barua taka.

Hatua ya 5: Kazini na nyumbani

Ruhusa ya kazini hupitia kwa mkuu wa idara kabla ya kufika ngazi za juu za chuo, na mtumishi wa umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje ya nchi. Usisubiri upate nafasi ndipo uanze. Mweleze mkuu wa idara siku unapotuma ombi, ukiwa na jina la mwenzako aliyekubali kushika kozi zako na muhula ambao wewe utashika zake. Uliza kama mshahara utaendelea, na upate jibu kwa maandishi.

Fomu ya maombi haiulizi nani atabaki na watoto. Kwa mwombaji wa kike hilo ndilo swali la kwanza ambalo ukoo utauliza, na lisipokuwa na jibu litakurudisha nyumbani mwezi wa pili. Zungumza na mume, kama yupo, kabla mama mkwe hajasikia kwa watu. Mama yangu alikubali kushuka kutoka Marangu kukaa na wanangu kwa sharti moja tu, kwamba ng'ombe wake apate mtu wa kumkatia majani kila siku; basi katika bajeti yangu ya miezi ile kulikuwa na mstari wa ada ya shule, mstari wa gesi, na mstari wa mkata majani. Baadhi ya wafadhili huongeza posho kwa mwenye watoto wanaomtegemea, wengine huruhusu mtoto mdogo aambatane na mama yake. Mara nyingi taarifa hiyo haipo kwenye tangazo, lakini ukiuliza hujibiwa.

Hatua ya 6: Bajeti, nyaraka na saa ya mwisho

Bajeti iwe ya kweli. Wengi wetu tumezoea kujipunja tukidhani kamati itafurahia unafuu, kumbe inasoma bajeti ndogo kama dalili kwamba mwombaji hajui maisha ya huko. Weka nauli ya ndani hadi uwanja wa ndege, viza, safari ya ubalozini, bima, pango, chakula, usafiri wa mjini, nakala za nyaraka, na koti la baridi.

Nyaraka ziandae mapema: vyeti, nukuu za matokeo, nakala zilizothibitishwa na wakili, na kurasa za machapisho. Jioni ya kutuma ombi langu la tatu nilikuwa kwenye stesheneri karibu na stendi ya Moshi, vyeti vyangu vikiwa vimeskaniwa kwa rangi zote pamoja na kivuli cha kidole gumba cha kijana wa pale. Mfumo ulikataa faili mara tatu. "Mama, faili ni kubwa, hawa wanataka MB 2," akasema, "ngoja niiskani upya nyeusi na nyeupe." Alifanya hivyo, ikapungua ikafaa, na dakika kumi baadaye umeme ulikatika mtaa mzima. Sehemu ya mwisho niliituma kwa simu, nimesimama nje, kwa kuwa mtandao ndani ya duka ulikuwa umezimika pamoja na taa. Tangu siku ile hutuma siku tatu kabla.

Saa nazo huwaponza wengi, hasa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Fomu ikisema 12:00, hiyo ni saa sita mchana. Saa 23:59 ya Greenwich ni saa 8:59 usiku kwetu, tarehe ikiwa imeshabadilika. Ofisi ya Boston inapofunga saa 11 jioni, kwetu ni saa 7 usiku wakati wao wa baridi na saa 6 usiku wakati wao wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Andika saa ya mwisho ukutani kwa hesabu ya kwetu.

Hatua ya 7: Pasipoti na viza

Pasipoti ya kielektroniki hugharimu shilingi 150,000 na huombwa ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Ambaye majina yake kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na vyeti vya shule hayalingani aanze na kurekebisha hilo, maana ndilo linalochukua muda kuliko yote. Kwa nchi za Schengen, viza ya muda mfupi huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180 na hudai bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Kwa hiyo ukialikwa kwa miezi minne, hiyo si viza ya muda mfupi tena, na masharti yake ni mengine. Uingereza humtaka Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita apime kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Marekani huwapokea watafiti wageni kwa viza ya J-1, ambayo huombwa baada ya taasisi mwenyeji kukutumia fomu ya DS-2019, na baadhi ya waliogharimiwa na serikali hutakiwa kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Kanuni za Marekani kwa raia wa nchi zetu zimekuwa zikibadilika upesi, hivyo hakikisha ubalozini kabla ya kukata tiketi au kuachia kozi.

Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, safari ya siku nzima kwa basi, na ni busara kulala huko kuamkia siku ya miadi. Ziko pia nchi zinazomwelekeza Mtanzania Nairobi. Mtu wa Arusha asihuzunike akipelekwa huko, kwa kuwa kupitia Namanga ni karibu kuliko Dar. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti.

Hatua ya 8: Sauti za watu ulizobeba

Kompyuta yako itakuwa na sauti za watu waliokuamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na ridhaa uliyoipata kwa ajili ya utafiti wa hapa haimaanishi moja kwa moja kwamba mahojiano yanaweza kuwekwa kwenye hifadhi ya chuo cha kigeni. Rudi ukaombe ridhaa hiyo kwa Kiswahili, au kwa Kichaga au Kimaasai inapobidi, kabla ya kuondoka. Kubadilisha majina hakutoshi katika kijiji ambacho ukiandika "mjane wa mwenyekiti wa zamani mwenye duka karibu na kanisa" kila mtu ameshamjua. Badilisha na duka, na kanisa, na pengine hata kijiji. Kama mwenyeji wako anataka kuja kufanya utafiti pamoja nawe baadaye, mweleze tangu mwanzo kwamba mgeni huhitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwamba baada ya hapo bado mtapitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji.

Ukifika, wiki ya kwanza nenda kwa mkutubi kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, umwonyeshe orodha yako. Wakutubi wa huko hufanya kazi na mgeni kwa moyo ambao maprofesa hawana muda nao. Kadi ya maktaba huzimwa siku mkataba unapokwisha, na kila makala unayohitaji kwa mwaka ujao iwe imeshapakuliwa na kupangwa kwenye folda kabla siku hiyo haijafika.

Ukirudi, andika kurasa mbili za Kiswahili, kwa herufi kubwa, uzipeleke kwenye ofisi za vijiji ulivyofanyia kazi, na uombe zisomwe kwa sauti kwenye mkutano. Kwangu, mama mmoja alisimama akasema shemeji haitwi kwa ajili ya mti wa kuni. Huitwa kwa mti wa mbao, na wa kuni mtu hukata mwenyewe usiku. Nilirudi mezani nikaandika upya sehemu ile kabla ya kuituma makala kwa mhariri.